Kuku wangu mia moja: jinsi jamaa, Leta na mji vinavyoamua biashara ya msomi



Kila mara tunapokutana, swali moja linarudi: kwa nini vijana wenye diplome hapa Lubumbashi hawafanyi biashara zenye kukua? Majibu tunayajua kwa kichwa. Wazee wanasemaka sisi ni wavivu, tunapenda ofisi na shati nyeupe. Wenye kutoa semina wanasemaka hatuna roho ya ujasiriamali. Na sisi wenyewe tunasemaka hatuna kapitali.

Kwa miaka miwili mimi niliamini jibu la wazee. Biashara yangu ilikufa, na nikaona kama ni mimi mwenye kosa. Leo sikubali tena jibu hilo lote, na nataka kueleza sababu zangu. Si kwa kujitetea. Nataka kuonyesha kitu ambacho hawatufundishaka vizuri auditwari: mazingira ambamo mtu anafanyia kazi hayamsaidii au kumzuia tu. Yanamchagulia aina ya biashara atakayofanya.

Nianze na kuku.

Nilipomaliza masomo ya kilimo, nilinunua vifaranga mia moja vya kuku wa mayai. Nilijenga kibanda nyuma ya lupango ya baba, kule Katuba. Nusu ya kapitali ilitoka kwa likelemba ya mama, nusu nilikuwa nimeweka nikifundisha masomo ya jioni. Kwa miezi mitano nililisha tu, bila kuona yai. Mwezi wa sita kuku walianza kutaga, na walipozoea nilipata mayai 75 hadi 80 kwa siku. Walikula karibu kilo 12 za chakula kila siku. Nilipotoa gharama ya chakula na dawa, faida ilipaswa kuwa dola 135 kwa mwezi.

Mwezi wa kumi na nne nilikuwa nimeuza kuku wote, na walikuwa bado na miezi ya kutaga mbele yao. Wale 22 wa mwisho waliondoka siku moja, juu mdogo wangu alikuwa anafukuzwa kwenye mtihani kwa deni la masomo.

Sasa sikieni vizuri. Hakuna ugonjwa ulioingia kibandani. Kuku walitaga. Wanunuzi walikuja mpaka mlangoni. Kama kuku walitaga na watu walinunua, ni nini kilichokufa?

Baadaye nilifungua kaye yangu ya hesabu nikapanga upya matumizi. Kwa miezi minane ya kutaga, faida ilipaswa kufika dola 1,080. Dola 460 zilienda kwa jamaa. Dola 240 zilienda kwa watu wa Leta waliokuja kugonga mlango. Dola 170 nilizipoteza wiki zile mayai kutoka Zambia yalipojaa soko na bei ikashuka. Dola 130 ni madeni ya majirani ambayo hayakulipwa. Nilibaki na dola 80. Kwa dola 80 huwezi kununua vifaranga vingine mia moja na kuwalisha miezi mitano. Biashara haikufa siku nilipouza kuku wa mwisho. Ilikuwa imekwisha kufa ndani ya kaye zamani, mimi sikuona.

Hizo safu za kaye ndizo ninazoita mazingira. Tuzifungue moja moja.

1. Sheria zilizoandikwa na zile ambazo hazikuandikwa

Mwanauchumi Douglass North, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1993, alieleza kwamba taasisi ni kama kanuni za mchezo katika jamii. Kanuni nyingine zimeandikwa: sheria, kodi, tribunali, hati ya lupango. Nyingine hazikuandikwa popote, lakini ole wako ukizivunja: namna ya kumsaidia ndugu, nani anaheshimiwa, kazi gani ni ya aibu.

Mchezaji mzuri anasoma uwanja kabla ya kucheza. Ndivyo mjasiriamali anavyofanya pia. Kama kanuni zinampa faida mwenye kutengeneza kitu, watu watatengeneza. Kama zinampa faida mwenye kujuana na mkubwa, watu watatafuta wakubwa. William Baumol, mwanauchumi Mmarekani, aliandika jambo hilo mwaka 1990: watu wenye akili ya kutafuta wako kila mahali na kila wakati, lakini jamii ndiyo inayoamua watumie akili hiyo wapi, kwa kanuni zake za malipo.

Mawazo haya yananisaidia kusoma historia yetu wenyewe.

2. Mji uliolelewa na kampuni

Lubumbashi si mji uliozaliwa na wafanyabiashara. Ni mji wa shaba. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mwanzoni ilileta wanaume kwa muda mfupi, kisha ikawarudisha vijijini. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 iligeuza mpango: mfanyakazi akae na mke na watoto. Ikampa nyumba kambini, posho ya chakula, hospitali, na masomo ya watoto. Mwaka 1967 mali yake ya huku ilichukuliwa na Serikali ya Mobutu, na kampuni ya Serikali iliyorithi kazi hiyo ndiyo tunayoijua leo kwa jina la Gécamines.

Fikirieni malezi hayo kwa vizazi viwili au vitatu. Kampuni ilikuwa baba na mama. Mwanaume wa heshima alikuwa mwenye kazi, yaani mwenye namba ya kampuni. Mwenye kuuza vitu barabarani alionekana kama mtu aliyekosa kazi. Hata leo msichana akileta mchumba nyumbani, swali la kwanza ni lile lile: "Anatumikaka wapi?" Ukijibu "eko na biashara yake", unaona nyuso zinabadilika.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na mambo yakazidi kuharibika. Mwaka 1994 haikufika hata tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi karibu 10,000 waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliandika kitabu juu ya maisha hayo ya jamaa za wafanyakazi, kilichotoka mwaka 2001. Kichwa chake kinawataja watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni.

Baba aliondoka, lakini malezi yalibaki. Sisi wenye diplome ni wajukuu wa malezi hayo. Tulisomeshwa ili tuajiriwe. Semina ya siku tatu haifuti miaka mia moja. Tukisema kijana wa Lubumbashi hana roho ya biashara, tukumbuke kwamba mji wenyewe ulijengwa ili asiwe nayo.

Na bado, posho ilipokwisha, nani alilisha nyumba? Mama zetu. Waliuza makala, unga, mboga, mafuta ya kupikia. Hakuna aliyewapa semina. Kwa hiyo roho ilikuwepo. Iliyobadilika ni hali iliyowazunguka.

3. Nchi iliyofundisha watu kungoja zawadi

Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza hatua tulizoziita zairianisasio. Maduka, mashamba na biashara nyingi za wageni zilichukuliwa zikapewa Wazairwa. Kwa maneno, ilikuwa njia ya kuzalisha wafanyabiashara wa kwetu. Lakini mali hizo hazikupewa wenye kujua biashara. Nyingi zilienda kwa watu wa siasa na wale waliokuwa karibu nao. Wengi waliuza bidhaa zilizokuwa dukani na hawakujaza tena. Kabla ya miaka mitatu kuisha, Serikali ilianza kurudishia wenyewe sehemu ya mali zile.

Hasara kubwa zaidi, kwangu, haikuwa maduka matupu. Ilikuwa somo ambalo kijana wa wakati ule alijifunza: duka halijengwi kwa miaka ishirini, linapatikana kwa barua moja ya mkubwa. Na linaweza kuondoka kwa barua nyingine. Mtu aliyejifunza hivyo hawezi kupanda mti wa kuzaa baada ya miaka kumi.

Somo hilo halikufa. Angalieni sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sutretansi, yaani kazi ambazo kampuni kubwa inawapa kampuni nyingine. Imeweka kazi hizo kwa kampuni zenye kapitali ya Wakongomani kwa sehemu kubwa. Kwangu ni sheria nzuri. Hapa kwenye migodi inafungua mlango mkubwa. Lakini mlango ule ule una njia mbili. Unaweza kujifunza kufua nguo za kazi, kupika chakula cha wafanyakazi, kutengeneza mashine. Au unaweza kukopesha jina lako kwa mtu mwingine, akufanyie kampuni ya karatasi, wewe ukae nyumbani ungoje asilimia. Nimeona wenzangu kwenye njia zote mbili. Si kwamba wa pili ni wabaya kuliko wa kwanza. Walihesabu wakaona jina linalipa haraka kuliko kazi. Mpaka siku kukopesha jina kutakapokuwa na gharama, wengi watakopesha.

4. Saini ya baba

Niwaambie kisa cha mama yangu. Mwaka 2008 alikuwa anauza unga, na biashara ilikuwa inakwenda. Akaenda kuomba mkopo aongeze magunia. Walimuuliza: "Mama, bwana eko wapi? Alete saini yake." Baba alikuwa Kolwezi, anatafuta, hajarudi miezi mitano. Mama akarudi nyumbani bila mkopo.

Waliomuuliza saini hawakuwa wamebuni. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilitaka mwanamke mwenye ndoa apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga katika mambo ya kisheria. Ilibidi kungoja sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ili ruhusa hiyo iondolewe. Hesabuni: karibu miaka thelathini. Katika miaka ile ile posho zilikwisha na wanawake wakabeba nyumba, sheria iliwaona kama watoto.

Mama alifanya nini? Alirudi kwa likelemba yake: wanawake kumi na wawili, kila mmoja anatoa, mmoja anachukua, bila karatasi na bila saini ya bwana. Dhamana ni jina lako. Ukikula feza za wenzako, hutapita tena njia ile sokoni.

Likelemba ni taasisi kama benki, na katika mji huu imeokoa watu wengi. Lakini nayo ina kanuni zake. Inakuja na feza kidogo, na wiki ijayo lazima uanze kurudisha. Kwa feza za namna hiyo unaweza kununua unga Kasumbalesa Jumatatu ukauza Alhamisi. Huwezi kulisha kuku miezi mitano bila yai.

Mimi nilichukua feza za wiki moja nikaziweka katika biashara ya miezi mitano. Mama ndiye aliyelipa zamu zangu kwa unga wake. Hapo ndipo nilielewa kwa nini karibu kila mtu mtaani kwetu ananunua na kuuza, na wachache sana wanazalisha. Si kwa kukosa akili ya kuzalisha. Mahali ambapo mkopo ni wa muda mfupi, umeme unaondoka bila kuaga, na bei ya sokoni inaweza kuanguka lori moja likivuka mpaka, mwenye akili anachagua kitu kinachorudisha feza haraka. Biashara ya haraka ndiyo jibu sahihi kwa mazingira hayo. Taabu ni kwamba mji mzima ukijibu hivyo, tunabaki kula mayai ya wengine.

5. Jamaa: benki, bima na kodi

Hapa nitasema kwa uangalifu, juu najua wengine watasema nimekuwa mzungu.

Tunazoea kusema jamaa inaua biashara. Ni kweli kwa nusu. Katika kaye yangu, jamaa ilikula dola 460: matanga mawili, hospitali ya shangazi, masomo ya mdogo, na mayai ya asubuhi ambayo hakuna aliyeyahesabu. Tangu siku kibanda kilipoonekana, jina langu lilibadilika. Mjomba aliyeniitaga "mutoto" akaanza kuniita "patroni". Na patroni haombwi, anakumbushwa.

Lakini kaye ile haikuandika upande wa pili. Lupango ni ya nani? Ya jamaa. Sikulipa hata franka moja ya kupanga. Nani alilinda kuku usiku? Wadogo zangu. Nani alinipa nusu ya kapitali? Mama. Ningelipa hayo yote kwa bei ya mji, nisingefika hata mwezi wa tatu.

Kwa hiyo jamaa ni vitu vitatu mara moja. Ni benki, juu inatoa kapitali. Ni bima, juu ukianguka ndiyo itakuokota. Na ni kodi, juu lazima ulipe. Wengi wetu tunataka benki na bima, halafu tunalalamika juu ya kodi. Haiwezekani. Katika nchi ambapo pensheni na matunzo ya hospitali haviwafikii watu wengi, ndugu anayekuomba dola 20 za matanga hafanyi ujinga. Analipwa zamu yake katika likelemba kubwa ya maisha.

Kitu kinachoua si kutoa. Kinachoua ni kutoa bila kipimo kinachojulikana. Kodi ya jamaa inapanda kila unapoonekana umepanda, na hakuna anayejua mwisho wake. Nani atakuza biashara ambayo kila kuku mmoja zaidi anamletea maombi mawili zaidi?

6. Leta mlangoni

Safu ya pili ilikuwa dola 240. Mwezi wa saba walianza kuja: mmoja kwa usafi, mmoja kwa mifugo, wawili kwa komini, mmoja alisema ni mazingira. Baadhi walikuwa na kitansi, baadhi walikuwa na folda mkononi tu. Kila mmoja alianza na bei kubwa ya kutisha, kisha tukashuka pamoja mpaka kwenye madesu ya bana. Mara nne kati ya saba sikupata karatasi yoyote.

Siku moja aliyegonga mlango alikuwa mwenzangu wa promosio. Tulikaa benchi moja miaka mitatu. Tukaangaliana, akacheka kwa haya.

"Yaya, usinionee vibaya," aliniambia. "Niko mwaka wa pili bila mushahara. Nitakula nini?"

Alikuwa mmoja wa wale tunaowaita "nouvelles unités": wako na kazi ya Leta, hawako kwenye orodha ya malipo. Nilimpa plato moja ya mayai. Alipoondoka nilikaa kwenye mlango wa kibanda, nikashindwa hata kukasirika. Sisi wawili tulitoka auditwari moja. Mimi nilikuwa najificha, yeye alikuwa ananitafuta, na wote tulikuwa tunafanya hivyo ili tule.

Nilijifunza haraka kwamba wageni wanakuja kwa wanaoonekana. Nikaondoa kibao nilichoandika "Mayai mabichi hapa". Wateja walipungua, wageni pia. Mwenzangu mmoja akaniambia tuongeze kuku wafike mia nne, na alikuwa na sehemu ya feza. Nilikataa. Nilisema sina nafasi. Uongo, nafasi ilikuwepo. Niliogopa kuonekana.

Hao kuku mia tatu ambao sikununua ndio hasara kubwa kuliko zote, na hawako katika kaye yangu wala katika hesabu ya Serikali. Hakuna kodi iliyotoka kwao, hakuna kijana aliyepata kazi ya kuwalisha. Kodi ndogo ndogo zisizo na mwisho hazichukui feza tu. Zinatufundisha kubaki wadogo.

7. Tufanye nini ndani ya mazingira haya?

Nikisimama hapa nitakuwa nimewapa sababu nzuri ya kukaa bila kufanya kitu. Sivyo ninavyotaka. Kanuni nyingine hatuziwezi leo. Lakini kuna zile zilizo karibu na mkono wetu.

Ya kwanza ni kanuni ya nyumba. Kabla ya kuanza, kaa na jamaa, sema wazi: biashara itatoa kiasi hiki kwa mwezi kwa ajili ya jamaa, na mimi nitachukua mshahara kiasi hiki. Kinachobaki si changu, ni cha biashara. Nilipomwambia mama hivyo, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, mie nafanyaka ivyo na unga yangu tangu zamani. Wewe haukuuliza." Miaka yote mitano ya iniversite, na mwalimu wangu alikuwa jikoni anasonga bukari.

Ya pili ni karatasi. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 nchi yetu iko ndani ya sheria za OHADA. Ndani yake kuna hali ya kisheria ya mtu mdogo, kwa Kifaransa "entreprenant": anafanya deklarasio ya kazi yake bila kuandikishwa RCCM kama kampuni. Kuna pia Guichet unique, iliyowekwa ili mtu asizunguke ofisi kumi kwa kampuni moja, na sheria ya tarehe 8 Septemba 2022 juu ya ujasiriamali na kampuni changa. Sisemi kwamba ukiwa na karatasi mlango hautagongwa. Nasema mwenye karatasi anaweza kuuliza: "Shefu, hii ni taksi gani, ya sheria gani, na nilipe benki gani?" Maswali hayo matatu, ukiyauliza kwa heshima na kiti umempa mgeni, yanapunguza bei sana. Asiye na karatasi hawezi kuuliza, juu yeye mwenyewe anaogopa swali.

Ya tatu ni kuungana. Mtu mmoja mwenye kuku mia moja ni wa kusukumwa. Watu watano wenye kuku mia moja kila mmoja wananunua chakula kwa bei ya jumla, wanapangana wasiuze wote wiki moja, na wakienda komini wanapokelewa tofauti. Mama zetu wameonyesha kwamba jina la mtu linaweza kuwa dhamana. Sisi tunaojua kuandika tuongeze juu yake karatasi na muda mrefu zaidi: likelemba ambayo mmoja anaweza kuchukua na kuanza kurudisha mwezi wa saba, kuku wanapotaga.

Ya nne inatuhusu sisi peke yetu, wasomi. Kati yetu wengine watakuwa wafanyabiashara, na wengine watakuwa ndani ya hizo ofisi. Ukipewa folda, kumbuka mlango wa kibanda. Kukataa madesu ukiwa bila mshahara ni vigumu, najua. Lakini kutoa kitansi kwa kila franka, na kuandika orodha ya taksi ukaibandika ukutani ili kila mtu aisome, haikungoji uwe waziri. Leta tunayoilalamikia imejaa watu wa promosio zetu.

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kike, yule anayemaliza iniversite mwaka huu, alikuja kuniomba feza za kuanza kutengeneza munkoyo na kuuza kwa chupa. Zamani ningemuuliza: "Uko na roho ya biashara?" Safari hii nilimpa kaye mpya na kalamu. Nikamwambia aandike kwanza safu nne: jamaa itachukua nini, Leta itachukua nini, umeme ukikosa atafanya nini, feza itarudi baada ya siku ngapi. Alirudi baada ya wiki moja na nusu. Katika safu ya jamaa alikuwa ameandika jina langu, na chini yake: "Yaya asikunywe bure."

Nilitoa feza.